Anajipenda: Hotuba kwa Wanaoanza Kusoma Maadili ya Maslahi Binafsi

Wazee wangu mliokaa mstari wa mbele, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Nilipoombwa nije niseme nanyi kuhusu maadili ya mtu kujali maslahi yake mwenyewe, mama mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza: "Mwalimu, unakwenda kuwafundisha watoto wetu uchoyo?" Nilimjibu hapana. Lakini swali lake limenikaa moyoni wiki nzima, na nimeona nianzie hapo, kwenye maneno yenyewe.

Tuna neno binafsi. Shule binafsi, gari binafsi, mambo binafsi. Hakuna anayenuna akilisikia. Litie u mbele, liwe ubinafsi, na papo hapo limegeuka tusi. Mtu akiitwa mbinafsi mbele za watu hujitetea kama aliyesingiziwa wizi. Sasa chukueni neno jingine: kujipenda. Tukisema "yule dada anajipenda", tunamsifu. Tunamaanisha nguo zake zimepigwa pasi, visigino vimesuguliwa, uwanja wake umefagiliwa kabla jua halijachomoza, hali chakula ovyo, halali ovyo. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba dada huyo amemdhulumu kwa kujipenda kwake. Kumbe lugha yetu inajua siku zote kwamba kuna kujijali kusikomwumiza jirani. Nataka tulishike neno hilo tulifuate mpaka mbali kidogo.

Kwanza tutenganishe madai mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. La kwanza husema kwamba kila mtu, afanye lolote lile, hufanya kwa faida yake. Inasimuliwa kwamba Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alimpa sadaka mzee ombaomba jijini London. Kasisi aliyekuwapo akamuuliza: ungetoa kama Kristo asingeamuru? Hobbes akasema ndiyo, kwa sababu kumtazama mzee yule katika hali ile kulimwumiza, na sadaka ile ilimpunguzia mzee shida na kumpunguzia yeye maumivu. Ni jibu la mtu mkweli. Lakini kama kila tendo ni la kujipendelea, basi mwizi na mkunga wako kapu moja, na neno limekwisha kazi. Halikuelekezi kesho asubuhi ufanye nini.

Dai la pili ndilo letu leo. Linasema mtu anapaswa kuishi kwa ajili ya maslahi yake ya kweli, yaliyopimwa kwa akili, na kwamba wengi wetu hatufanyi hivyo. Hili lina meno. Linaweza kukwambia umekosea.

Aliyelitangaza kwa sauti kubwa kuliko wote katika karne iliyopita ni mwanamke. Alizaliwa mwaka 1905 St. Petersburg, Urusi, akaitwa Alisa Rosenbaum. Baba yake alikuwa mfamasia mwenye duka lake la dawa. Yakaja mapinduzi ya 1917, naye akiwa binti wa miaka 12, na baada yake duka likataifishwa kwa jina la umma. Familia ikaijua njaa. Mwaka 1926 akafika Marekani, akapokewa na jamaa za mama yake waliokuwa Chicago, na ulimwengu ukaja kumjua kama Ayn Rand. Aliandika riwaya kubwa mbili, moja ikatoka 1943 na nyingine 1957. Mwaka 1961, katika chuo kikuu cha Wisconsin mjini Madison, akasoma mada iliyoweka wazi misingi ya maadili yake, na mwaka 1964 mada hiyo ikatoka pamoja na makala nyingine katika kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Fadhila ya Ubinafsi. Alilichagua tusi lenyewe, akalivaa kifuani. Mimi naona jina lile lilimponza. Limewapa maadui zake sababu ya kuishia kwenye jalada, na limewapa baadhi ya wafuasi wake ruhusa ya kuwa wakavu.

Lakini tusiishie kwenye jalada. Tusikilize hoja.

Anasema hivi: jiwe halina jema wala baya. Hata ukilivunja vipande mia, hujalidhuru, maana halina cha kupoteza. Mche wa mahindi una jema na baya, kwa sababu unaweza kufa. Mvua ni njema kwake, viwavi ni vibaya kwake. Bila uhai, maneno jema na baya hayana mahali pa kukaa. Ila mche hauchagui. Mzizi wake unayatafuta maji wenyewe. Binadamu hakupewa mzizi wa namna hiyo. Lazima afikiri ndipo ajue muhogo upi unalika na upi una sumu, ajenge wapi, amwamini nani. Na tofauti na mche, anaweza kukataa kufikiri. Anaweza kufumba macho makusudi. Kwa Rand, hapo ndipo maadili yanapozaliwa: maadili ni mwongozo wa kiumbe anayelazimika kuchagua ili aishi, kipimo chake ni uhai wa binadamu, chombo chake ni akili, na anayepaswa kufaidika na matendo yako ni wewe unayeishi maisha hayo.

Kwa hiyo, vijana, "ninachotaka" na "kinachonifaa" ni vitu viwili. Kijana wa bodaboda anayeiacha kofia nyumbani kwa kuwa inaharibu mtindo wa nywele anafanya anachotaka. Hajipendi. Anayedesa mtihani anafanya anachotaka, halafu anaingia maisha na cheti kinachosema uongo juu yake, na kila akipewa kazi anaomba asiulizwe swali. Rand aliorodhesha fadhila anazoona zinamfaa mtu mwenyewe: kutumia akili, kufikiri kwa kujitegemea, kutoisaliti imani yako, ukweli, haki, kuzalisha, na kuistahi nafsi yako. Tazameni orodha hiyo mtafute choyo kiko wapi. Ndani ya orodha hiyo hakuna nafasi ya fisadi. Anayeishi kwa kuiba hajakitegemea kichwa chake. Amekitegemea kichwa cha mwenzake aliyezalisha, na amemtegemea mwenzake huyo asigutuke.

Hapa wazee wangu watanikumbusha kwamba nchi hii ilimjadili sana mtu wa namna hiyo. Mlimwita kupe. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya 1962 kuhusu ujamaa, alitukumbusha methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alitaka kuonyesha kwamba jamii yetu ya zamani ilikuwa na ukarimu na wakati huohuo haikumvumilia mvivu wa kukaa akilishwa. Rand angeitia methali hiyo sahihi kwa mikono miwili. Wanapoachana ni kwenye swali la kupe ni nani. Mwalimu alimwona kwa mtu anayekalia mtaji na ardhi akala jasho la wengine. Rand, binti wa duka lililotaifishwa, alimwona kwa yeyote anayemwendea mzalishaji na kumwambia: ninahitaji, kwa hiyo unawiwa. Na ahadi ile ya mwana-TANU, mwanachama wa chama cha Mwalimu, "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu", naye angeikubali, kwa sababu yake mwenyewe: cheo si mali yako, umekabidhiwa tu. Faida haina ubaya. Ubaya ni kuchuma shamba lisilo lako. Nawaomba mlitafakari hili taratibu, maana wengi husema kwamba watu hawa wawili hawana hata ncha moja inayogusana.

Sasa niwapeleke mahali nilipolijifunza somo hili kabla sijalisikia jina la Rand.

Mama yangu alikuwa akiuza vitumbua asubuhi na dagaa jioni, na alicheza mchezo. Wengine mnasema upatu. Wanawake 12, kila Ijumaa kila mmoja anatoa shilingi 5,000, zote 60,000 zinakwenda kwa mmoja, wiki inayofuata kwa mwingine, hadi mzunguko uishe. Kijumbe, yaani mkusanya fedha na mtunza daftari, alikuwa mama wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa na daftari kubwa lililofunikwa kwa karatasi ya kaki, kalamu nyekundu imefungwa kwa uzi kwenye jalada, na ndani majina 12 yameshuka chini kama ngazi. Ukilipa unapigwa tiki. Usipolipa kinabaki kijisanduku cheupe, na kila atakayelifungua daftari atakiona.

Mchezo si sadaka. Hakuna aliyekuwa akimsaidia mwenzake kwa huruma. Kila mmoja alikuwa na lake: huyu bati, huyu ada, mama cherehani. Anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake 11 bila riba. Anayepokea wa mwisho ameweka akiba mahali ambapo mkono wake mwenyewe hauwezi kuichomoa. Wanawake hawa wasingeweza kwenda benki, wala benki isingewajua. Kilichowabeba ni kwamba kila mmoja alijua faida yake inakaa ndani ya neno lake. Nakumbuka Ijumaa moja dagaa hawakuuzika, mama akaenda kukopa ili apeleke 5,000 yake kabla ya saa kumi. Nikamuuliza kwa nini asiombe siku mbili tu. Akaniambia, "Nikichelewa mara moja, mzunguko ujao jina langu linakwenda mwisho." Huo ndio ubinafsi ninaouzungumza. Umempeleka mtu kulipa deni chini ya jua kali.

Kulikuwa na mmoja aliyepokea wa kwanza kisha asitoe tena. Alikuwa ametoa 5,000, akaondoka na 60,000. Hesabu ya faida ni rahisi, 55,000. Hesabu ya hasara mimi niliiona kwa macho. Njia ya kwenda sokoni ilipita mbele ya nyumba ya kijumbe. Yule mama aliacha kuipita. Alizunguka kwa chini, bondeni, ndoo kichwani, masika na kiangazi, na hakuna mchezo uliompokea tena katika mtaa wetu.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za Robert Axelrod, profesa wa siasa wa Chuo Kikuu cha Michigan, nikamwona mama yangu humo. Axelrod aliwaalika wataalamu walete programu za kompyuta zishindane mbili mbili. Kila zamu programu inachagua ama kushirikiana ama kusaliti. Wote wakishirikiana, kila mmoja hupata alama 3. Ukimsaliti anayeshirikiana nawe, unapata 5 yeye anabaki na sifuri. Mkisalitiana mnapata 1 kila mmoja. Mchezo ulikwenda zamu 200. Zikaletwa programu 14, nyingine zimejaa hila. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport wa Toronto: anza kwa kushirikiana, kisha mfanyie mwenzako alichokufanyia zamu iliyopita. Nipe nikupe. Axelrod akatangaza matokeo, akaitisha shindano la pili, zikaja programu 62 za watu walioijua vizuri iliyoshinda. Ikashinda tena.

Ila kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Nipe nikupe haikumzidi alama mpinzani wake hata katika pambano moja. Haiwezi, maana haianzi kusaliti. Ilishinda shindano zima kwa sababu ilipata mavuno mazuri pamoja na wengi, wakati wajanja walikuwa wakikamuana wao kwa wao. Na wataalamu waliofuata wakaonyesha udhaifu wake: kosa likitokea kwa bahati mbaya, programu mbili za namna hiyo hunaswa kwenye kisasi kisichokwisha, ndiyo maana inafaa kusamehe mara moja moja. Kijumbe wetu alilijua hilo. Mwenye msiba alipewa wiki moja, bila tiki na bila neno.

Nikija kwenye kujitolea, naomba niseme kwa uwazi juu yangu. Mwaka fulani nililetewa kadi ya mchango wa harusi. Kikao kilijaa, mwenye kipaza sauti akawa anataja jina na kiasi, watu wanapiga makofi. Mkononi nilikuwa na ada ya mtoto wangu. Lilipofika jina langu nikasikia mdomo wangu ukisema laki moja. Makofi yakapigwa. Mtoto alirudishwa nyumbani siku ya pili ya muhula, akakaa kitandani na sare mwilini, hakuvua mpaka jioni.

Kwa miaka nilijiambia kwamba nilitoa kwa upendo. Sikutoa kwa upendo, bibi harusi nilikuwa simjui. Nilitoa kwa kuogopa macho ya watu. Rand analo neno juu ya hili, na ndilo fundisho lake ninalolithamini kuliko yote. Kafara, anasema, ni kuacha kilicho na thamani kubwa kwako kwa ajili ya kilicho na thamani ndogo. Mume anayemaliza mali yake yote kumtibu mke anayempenda hajatoa kafara, ametumia mali kwa kitu anachokithamini kuliko mali. Kafara ingekuwa kumwacha mkewe afe ili awasaidie watu asiowajua kwa sababu ameambiwa ndio wema. Kwa kipimo hicho, mimi siku ile nilimtoa mwanangu kafara kwa ajili ya makofi. Mtu anayejipenda kwa akili angesimama akasema, "Nina elfu kumi, Mungu awabariki maharusi," akaketi. Ni maneno mepesi sana. Niliyashindwa.

Na mniamini, tangu nilipojifunza kusema sina, natoa zaidi, na ninayempa nampa nikimtazama usoni.

Sitawaficha ninapokwama. Plato, mwanafalsafa Mgiriki, karibu miaka 2,400 iliyopita, aliandika kisa cha mchungaji wa Lydia, nchi ya kale, aliyeokota pete. Akiizungusha kidoleni haonekani. Kwa pete ile akamtongoza malkia, akamuua mfalme, akatwaa ufalme. Swali: kama huwezi kukamatwa kamwe, kwa nini uwe mwema? Hesabu ya mchezo wa mama haijibu, maana pale kuna daftari na Ijumaa ijayo. Rand anajibu kwamba mwongo hujifunga mwenyewe: lazima asimamie uongo wake, anawategemea wajinga wabaki wajinga, anawaogopa wenye akili, na kila ukweli unaojitokeza ni adui yake. Yule mama wa bondeni ananifanya niamini kwamba kuna ukweli mwingi hapo. Lakini siwezi kusimama mbele yenu niape kwamba kila mdhulumu huzunguka bondeni. Wengine hupita katikati ya barabara na hulala usingizi. Kwao, mimi nadhani maslahi peke yake hayatoshi, na lazima tuseme kwamba yule aliyedhulumiwa ana haki kwa sababu naye ni nafsi, kama mimi. Rand mwenyewe alisema kila mtu ni lengo, si chombo cha wengine. Sijaona bado kwamba daraja lake kutoka "nafsi yangu" hadi "nafsi yako" limejengwa likaisha.

Pia nakwama kwa kichanga, na kwa mzee aliyepooza. Rand hakuwa na mtoto, na maandishi yake yamejaa watu wazima wenye nguvu. Alipofika Chicago bila kitu, jamaa walimlaza na kumlisha kwa miezi kadhaa. Katika maisha ya kila mmoja wetu kuna miaka ambayo hakuna alichoweza kubadilishana na mtu, na bado alivishwa, akalishwa. Nadharia inayomwanza mtu akiwa na miaka 20 inabidi iulizwe alifikaje hapo.

Nimalize kwa kisa kimoja, kisha maswali.

Mama aliugua akalazwa. Katika mzunguko ule alikuwa ameshapokea zamu yake, na bado Ijumaa nne za kulipa. Nilikuwa na miaka 13. Akanielekeza ilipo 5,000, chini ya sanduku la cherehani, nikaipeleka. Kijumbe akaipokea, akaihesabu, akafungua daftari, akapiga tiki. Hakusema "mwacheni mgonjwa". Nilirudi nimefura kwa hasira. Nilimwona mwanamke asiye na moyo.

Jioni ileile walikuja wodini saba. Walibeba uji kwenye chupa ya chai, sabuni, sukari, machungwa. Wawili wakachukua mashuka kwenda kuyafua. Mmoja akafungua fundo la kanga yake, akamtia mama kitu kiganjani na kukikunja kiganja kwa vidole vyake. Kijumbe alikuwa amekaa miguuni pa kitanda, anamkanda mama nyayo. Nilimtazama mikono, kisha nikatazama pembeni yake, kwenye benchi, kwenye kikapu. Daftari hakuja nalo.